UKAIDI WA SUMAKU: KWA NINI KANDA HUKUMBUKA NA MSUMARI HUSAHAU

Wahenga walinena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumezoea kuibandika mwanzoni mwa insha za malezi ili mwalimu atutilie alama ya vyema. Leo nataka kuitoa kwenye insha ya malezi na kuipeleka maabara ya fizikia, kwani hata chuma nacho hulelewa. Chuma kikilelewa hivi hushika usumaku kwa miaka na mikaka. Kikilelewa vile husahau kabla hujageuza shingo.

Hebu chukua msumari wa kawaida wa inchi nne. Usugue kwa sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, kuelekea upande mmoja tu, mara thelathini hivi. Halafu chukua sindano ya kushonea au wembe, uufanyie vivyo hivyo. Vyote viwili vitaokota pini. Lakini vidondoshe sakafuni mara chache kisha ujaribu tena. Msumari utakuwa umesahau karibu kila kitu, ilhali sindano bado inaokota. Kumbe! Si vyote ni chuma? Tofauti imetoka wapi?

Swali hilo si la mchezo, ndugu yangu. Jibu lake ndilo lililohifadhi sauti za watu wetu kwa zaidi ya nusu karne. Katika nyumba nyingi hapa Mayoni, Matungu na Mumias kwa jumla, mna kanda za kaseti zilizolala ndani ya mikebe na masanduku: nyimbo za harusi, mahubiri, hotuba za matanga, na sauti za mababu ambao hawapo tena. Je, sauti hizo bado zimo? Zitadumu hadi lini? Ili kujibu, sharti kwanza tuujue ukaidi wa sumaku.

MAANA YA UKAIDI

Wataalamu huliita jambo hili koasiviti. Mimi nitaliita ukaidi, maana ndivyo lilivyo hasa. Kitu kikishatiwa usumaku, ukaidi wake ni kiasi cha nguvu ya sumaku ya upande wa pili inayohitajika ili kuufuta usumaku huo hadi ubaki sufuri. Kikubali upesi, ukaidi wake ni mdogo. Kikikataa katakata, ukaidi wake ni mkubwa.

Tusichanganye ukaidi na nguvu. Chuma laini kilichozungushiwa waya wenye umeme kinaweza kuwa sumaku yenye nguvu ya kuinua gari bovu, lakini umeme ukizimwa kinaachilia mzigo mara moja. Kina nguvu nyingi ila hakina ukaidi. Naam, ni kama mwanafunzi anayepiga kelele za "tutasoma!" mwalimu akiwa mlangoni, mwalimu akiondoka na yeye huyo nje.

Kipimo cha kale cha ukaidi huitwa oestedi, kwa heshima ya Hans Christian Oersted wa Denmaki, ambaye mwaka 1820 aliona sindano ya dira ikigeuka kando ya waya wenye umeme. Ili upate picha, nguvu ya sumaku ya dunia yetu hapa Kenya ni kama theluthi moja tu ya oestedi. Sasa linganisha:

Chuma laini safi: oestedi 1 au chini yake.
Feleji, yaani chuma kigumu cha nyembe na patasi: kama 50.
Kanda ya kawaida ya kaseti: kama 300 hadi 400.
Sumaku nyeusi ya spika, iitwayo feraiti: kama 2,000 hadi 4,000.
Sumaku ya neodimi, ile ndogo ing'aayo ya spika za masikioni: 10,000 na zaidi.

Tazama hiyo ngazi. Kutoka chini hadi juu ni zaidi ya mara elfu kumi, na karibu vitu vyote hivyo vina chuma ndani yake. Basi ni malezi gani hayo?

NDANI YA CHUMA MNA MASHAMBA

Lau tungeweza kuingia ndani ya kipande cha chuma, tungekuta kimegawanyika kama eneo letu hili la miwa. Kuna shamba hili na shamba lile, na kati yake pana mpaka. Katika kila shamba, chembe zote zimeelekea upande mmoja kama miwa iliyolazwa na upepo. Shamba la jirani nalo limelalia upande mwingine. Mashamba yakielekea ovyo ovyo, nguvu zao hukatana, na chuma kizima huonekana hakina usumaku.

Ukileta sumaku karibu, shamba lililoelekea upande wake hupanuka. Mipaka husogea na kumeza mashamba ya jirani. Hapo chuma huwa sumaku. Ukiigeuza sumaku yako, mipaka hurudi nyuma.

Basi siri yote ni hii: je, mipaka hiyo inasogea kwa urahisi au kwa taabu? Trekta ikilima shamba safi hupita bila kusimama, lakini penye visiki na mawe hukwama, ikabidi dereva aongeze mafuta. Visiki vya ndani ya chuma ndivyo vinavyoleta ukaidi. Ukitaka chuma kisahau, ng'oa visiki. Ukitaka kikumbuke, vipande vingi iwezekanavyo, au ufanye mashamba yawe madogo kiasi kwamba hayana mpaka hata mmoja wa kusogeza.

MAMBO YANAYOBADILISHA UKAIDI

(a) Vitu vilivyochanganywa

Chuma safi hakina visiki vingi. Ukitia kaboni kidogo, kama asilimia moja, kisha ukipashe moto hadi kiwe chekundu na kukitumbukiza majini, kaboni hunaswa ndani bila kupata nafasi ya kujipanga. Muundo wote hujikunja na kujibana. Ndiyo feleji hiyo. Wahunzi wa Samia, waliosifika tangu zamani katika nchi hii ya magharibi kwa kufua majembe na mikuki, waliijua kazi ya moto na chuma bila ya kitabu cha fizikia. Jambo linaloleta ugumu wa makali ndilo hilo hilo linaloleta ukaidi wa sumaku. Ndiyo maana hadi leo wataalamu husema sumaku "ngumu" na sumaku "laini", ingawa sumaku nyingine za leo ni ngumu au laini kwa njia tofauti kabisa na ugumu wa jembe.

Mwaka 1917 Mjapani Kotaro Honda alitia kobalti katika feleji, akapata ukaidi wa kama oestedi 250, maajabu kwa wakati huo. Mwaka 1931 Mjapani mwingine, Tokushichi Mishima, akachanganya chuma, nikeli na alumini na kuupita mbali. Na kinyume chake pia kipo. Nikeli kama asilimia 80 na chuma asilimia 20 huzaa aloi iitwayo pamaloi, ambayo ikilelewa vyema ukaidi wake huwa mdogo mno, sehemu za mia za oestedi moja. Nikeli huyo huyo! Penye alumini akasaidia ukaidi, penye chuma kitupu akauondoa. Kweli, jirani uliye naye ndiye hukufanya uwe ulivyo.

(b) Kugongwa na kukunjwa

Kunja waya wa kufungia ua mahali pamoja mara nne tano. Utaona panazidi kuwa pagumu. Ndani yake safu za chembe zimevurugika, na kila vurugu ni kisiki. Kwa hiyo kukunja, kuponda na kuvuta chuma kikiwa baridi huongeza ukaidi wake. Ukikipasha moto na kukiacha kipoe polepole jivuni, vurugu hutulia na ukaidi hushuka.

Hapa msomaji makini atauliza: "Mbona basi tunaambiwa tusiidondoshe sumaku?" Swali zuri. Mshtuko huitikisa mipaka ikateleza kutoka kwenye visiki vyake, na usumaku uliokuwamo hupotea. Lakini kupoteza usumaku ni jambo moja na kubadili ukaidi ni jambo lingine. Msumari ulisahau kwa sababu visiki vyake vilikuwa vichache. Mtikiso mdogo ulitosha. Sindano ilitikiswa vile vile lakini mipaka yake imekwama imara.

(c) Ukubwa wa punje

Hili ndilo jambo lenye utamu kuliko yote. Chuma chochote kimejengwa kwa punje za fuwele. Punje zikiwa kubwa, mpaka husafiri mbali bila kizuizi, na ukaidi huwa mdogo. Punje zikiwa ndogo, kingo zake huwa visiki, na ukaidi huongezeka. Endelea kuzipunguza. Itafika mahali punje ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kugawanyika kuwa mashamba mawili. Shamba ni moja tu na mpaka haupo. Ukitaka kuigeuza, sharti uigeuze yote kwa mara moja, kama kuling'oa gogo zima badala ya kulichanja vipande. Hapo ukaidi hufika kileleni.

Lakini usishangilie mapema. Ukizidi kuipunguza punje, ukaidi huanza kuporomoka ghafla! Kwa nini? Kwa sababu kila kitu chenye joto hutikisika ndani kwa ndani, hata joto la kawaida la chumbani. Punje ndogo kupita kiasi haina uzito wa kuupinga mtikiso huo. Hugeuka huku na huko yenyewe na haikumbuki lolote. Kwa chuma, kilele hicho huwa kwenye punje za makumi machache tu ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kumbe kipimo ndicho hekima: nyingi ni mbaya na chache ni mbaya, cha kati ndicho cha haki.

(d) Umbo la punje

Punje ya mviringo haijali imeelekea wapi. Punje ndefu kama sindano hupenda usumaku ulale kwa urefu wake. Kuusimamisha upite kwa upana ni kazi, na kuugeuza upande wa pili sharti upitie hapo penye taabu. Basi hata bila ya kubadilisha kitu chenyewe, umbo peke yake huongeza ukaidi. Kanda za kaseti zilitegemea ujanja huu.

(e) Joto

Joto lina kazi mbili, na tusizichanganye. Kazi ya kwanza ni ya papo kwa papo. Kadiri kitu kinavyopata moto, ndivyo sumaku nyingi zinavyolegea. Kila kitu kina kikomo chake ambapo usumaku hutoweka kabisa: nikeli kama nyuzi 358 za selsiasi, jiwe la magnetaiti nyuzi 580, chuma nyuzi 770. Kazi ya pili ni ya kudumu: joto hupanga upya chembe, hukuza punje na kung'oa visiki, hivyo kitu kikipoa huwa na tabia mpya.

Sumaku za kawaida za neodimi, licha ya ukaidi wake, huanza kudhoofika zikipita nyuzi 80 hivi. Kwa hiyo wale wanaotengeneza mota za bodaboda za umeme na za magari hutia kitu kiitwacho disprosi ili ukaidi usiporomoke mota ikichemka. Feraiti ya spika, kwa upande wake, ni mbishi wa ajabu: katika joto la kawaida ukaidi wake huongezeka kidogo ikipata moto, na hupungua katika baridi kali! Tena tujue kwamba malighafi ya neodimi ipo kwetu Afrika ya Mashariki. Mlima Ngualla huko Songwe, Tanzania, unayo, na Mlima Mrima katika Kaunti ya Kwale una madini ya jamii hiyo hiyo.

(f) Unene wa utando na kitu kilicho chini yake

Kuna usumaku unaowekwa juu ya kitu kingine kama rangi ukutani, utando mwembamba kabisa. Diski za kompyuta zinazozunguka, zile zilizomo ndani ya kompyuta nyingi za maabara za shule, zina utando wa aloi ya kobalti wenye unene wa kama nanomita 10 hadi 20. Karatasi ya gazeti hili ni nene kuliko utando huo mara elfu kadhaa.

Utando hutengenezwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa, chembe zikirushwa kutoka bamba la metali na kutua juu ya diski. Hapo kila kitu hubadilisha ukaidi: diski ilikuwa na joto kiasi gani, gesi ilikuwa na mgandamizo gani, kazi ilikwenda mbio au polepole, uso ulikuwa laini au una mikwaruzo. Unene nao una neno. Utando laini wa pamaloi aghalabu huzidi kuwa mkaidi ukifanywa mwembamba, kwa kuwa mpaka mwembamba hunaswa kirahisi na kasoro za juu na chini. Utando wa diski nao ukiwa mwembamba kupita kiasi, punje zake huwa ndogo mno na joto la kawaida hulifuta lililoandikwa.

Tena kuna tabaka la chini. Mkulima hapandi miche kabla ya kutengeneza kitalu. Vivyo hivyo, mafundi hutandaza kwanza tabaka la metali nyingine, kama vile kromi au rutheni, ili punje za kobalti zikiota juu yake zifuate mpangilio wake. Halafu hutia kitu kinachojikusanya kati ya punje na punje, kama vijia kati ya matuta, ili kila punje isimame peke yake. Punje ikimfuata jirani ovyo, ukaidi hushuka na maandishi hufifia. Umoja ni nguvu, lakini si kila mahali!

KANDA YA KASETI: KAZI YA UKAIDI WA WASTANI

Sasa turudi kwenye mkebe wa kanda nyumbani. Kampuni ya Philips ilileta kaseti mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki wenye upana wa chini ya milimita 4, uliopakwa gundi yenye mamilioni ya punje za oksaidi ya chuma. Ndiyo sababu rangi yake ni ya kahawia kama kutu. Ni ndugu ya kutu kweli. Kila punje ni kama sindano, urefu wake chini ya nusu ya sehemu ya elfu ya milimita, na wakati wa kupaka zililazwa kufuata urefu wa utepe. Umesoma (c) na (d) hapo juu? Basi umeshaelewa: punje ni ndogo za shamba moja, tena ni ndefu, na kwa hiyo ukaidi ukafika oestedi 300 na zaidi.

Kwa nini wasiufanye kuwa 10,000? Kwa sababu redio yako ingeshindwa kuandika. Hedi ya kurekodia ni sumaku ndogo ya umeme iliyotengenezwa kwa aloi laini mfano wa pamaloi, ili ifuate kila badiliko la sauti na isikumbuke lolote. Tazama werevu wa ajabu: hedi isiyokumbuka inaandika juu ya kanda isiyosahau! Ukaidi wa kanda ukizidi uwezo wa hedi, hakuna kitakachoandikika. Ukipungua sana, spika ya jirani itafuta harusi ya dada yako.

Kaseti za kromi na za metali zilikuwa na ukaidi mkubwa zaidi, ya metali ikipita oestedi 1,000. Ndiyo maana zilikuwa na matundu ya ziada mgongoni, ili redio kubwa zijue kuongeza nguvu za kurekodia na za kufutia. Kuirekodia kanda ya metali kwa redio ndogo ilikuwa kama kumnong'oneza mtu aliyelala fofofo.

Na ule mwangwi je? Pengine umesikia katika kanda ya zamani, kabla ya mwimbaji kuanza, sauti yake ikisikika kwa mbali kama mzimu. Si uchawi. Kanda ikikaa imekunjwa miaka mingi, safu moja hugusana na nyingine. Miongoni mwa punje huwamo zile ndogo mno, ambazo ukaidi wake ni haba. Hizo huiga usumaku wa safu ya jirani, hasa mahali pakiwa na joto. Ukiizungusha kanda mbele na nyuma kabla ya kuisikiliza, sehemu ya mwangwi huo hupungua, kwa kuwa punje hizo hazikumbuki kwa muda mrefu. Zile kaidi zinabaki na neno la kweli.

Sauti za taifa nazo zilitunzwa kwa njia hiyo. Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, na Redio Tanzania Dar es Salaam, zilirekodi bendi, taarabu, michezo na hotuba katika kanda kubwa za magurudumu. Hazina ile yote iliegemea kwenye ukaidi wa punje za kutu.

MAWE YA OLDUVAI: KANDA ISIYO NA REDIO

Ukidhani kanda ya miaka hamsini ni ya kale, nisindikize hadi bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania. Huko Mary Leakey alipata fuvu maarufu la Zinjanthropus mwaka 1959. Chini ya tabaka lile mna mawe meusi ya lava ya volkano. Lava ilipomiminika ilikuwa moto kupita nyuzi 580, na punje zake za magnetaiti hazikuwa na usumaku. Ilipokuwa ikipoa, punje zikafuata mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku hiyo, kisha zikakaza. Samaki mkunje angali mbichi! Jiwe lilikunjwa likiwa mbichi, na halijakunjuka hadi leo.

Mwaka 1963 wanasayansi Grommé na Hay walitangaza vipimo vya mawe hayo. Yalielekea kaskazini kama dira zetu za leo, ingawa katika sehemu kubwa ya zama zile sumaku ya dunia ilikuwa imepinduka, kaskazini ikawa kusini. Kipindi hicho kifupi, cha kutoka takriban miaka milioni 1.95 hadi milioni 1.78 iliyopita, kikapewa jina la Olduvai. Leo hii mtaalamu anayepima matope ya chini ya bahari popote duniani husema "Olduvai" akikipata. Jina la kwetu limekuwa kipimo cha ulimwengu.

Lakini jiwe pia huchafuliwa. Radi, ambayo sisi wa Kakamega hatuhitaji kuelezwa, ikilipiga jiwe hulitia usumaku mpya. Mtaalamu hufanyaje? Hutumia ukaidi. Huliweka jiwe katika sumaku inayogeuka mbele na nyuma, akianza na nguvu ndogo na kuiongeza hatua kwa hatua. Punje zenye ukaidi mdogo, zilizokwisha kudanganywa, husahau kwanza. Mwishoni hubaki zile kaidi, mashahidi wa kweli. Ni kama hakimu anayehoji hadi waongo wanyamaze.

UKAIDI UNAPOKUWA HASARA

Si kila mahali ukaidi unatakiwa. Itazame transfoma iliyo juu ya nguzo pale sokoni. Umeme wetu hugeuka mbele na nyuma mara 50 kila sekunde, na chuma cha ndani ya transfoma sharti kigeuke nao. Kikiwa kaidi, kila mgeuko unakula nguvu na kuzifanya joto. Basi chuma chake hutiwa silikoni, kama asilimia 3, hukandamizwa kuwa mabati membamba, kisha hupashwa moto ili punje zikue kubwa na visiki ving'oke. Yote tuliyoyasoma, kinyumenyume.

Na wengine hutaka vyote viwili: kaidi wakati wa kutunza, laini wakati wa kuandika. Diski za kisasa zaidi za kampuni ya Seagate, zilizoanza kufika kwa wateja miaka ya 2020, hutumia utando wa chuma na platini wenye ukaidi mkubwa mno. Miale ya leza hupasha moto kidoa kidogo kupita nyuzi 400 kwa muda mfupi ajabu, ukaidi hulegea, neno huandikwa, kidoa hupoa, neno linafungwa. Samaki yule yule wa Olduvai, ila safari hii amekunjwa kwa makusudi.

TUFANYE NINI BASI?

Wasomaji wenzangu, turudi kwenye mkebe. Je, sauti bado zimo? Kwa upande wa usumaku, ndiyo, karibu zote. Sumaku ya dunia ni theluthi ya oestedi. Kanda inataka mamia. Joto la chini ya mabati halikaribii hata kidogo kikomo cha oksaidi ya chuma. Punje hazijasahau. Kinachozeeka ni vitu vingine: gundi huchakaa, plastiki hujipinda, ukungu huota, na redio za kuzichezea zinatoweka madukani. Hatari ni kwamba sumaku itakumbuka, nasi tusiwe na masikio ya kuisikiliza.

Kwa hiyo nashauri hivi. Usiweke kanda juu ya spika wala karibu na sumaku; umbali wa hatua moja unatosha, maana nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali. Vunja vile vishikio viwili vya mgongoni ili mdogo wako asirekodi juu yake. Iweke kavu, mahali penye kivuli, ikiwa imesimama. Kabla ya kuicheza, mwombe fundi asafishe hedi kwa spiriti na pamba. Kisha, ukipata redio inayofanya kazi, ipige na uihamishe kwenye simu au kompyuta, na uandike majina ya wanaosikika ungali una mtu wa kukuambia. Tena tunza nakala mbili mahali pawili, kwani hata simu hupotea.

Mbali na hayo, nimetaka kuonyesha jambo moja kwa wale wanaodai eti Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Tumetembea kutoka jembe la Samia hadi diski ya leza, na lugha haikutuangusha njiani. Shamba, mpaka, kisiki, kitalu na gogo vimetosha kuueleza usumaku.

Ukaidi wa mtoto ni balaa, ukaidi wa punje ni hazina. Bibi yako alipoimba mbele ya redio ya kaseti, punje za kutu zililala upande aliouamuru, na bado zimelala hivyo hivyo zikimsubiri mtu abonyeze kitufe. Mbonyezaji ni wewe. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.